Video zinazovunja picha ya “mwanamke wa Mashariki”

Umeuliza kama kuna video inayoivunja kweli ile picha ya ngamia, jangwa na mwanamke wa baibui asiye na sauti. Tazama “Hwages”, video ya muziki ya mwongozaji Majed al-Esa wa Saudi Arabia, Desemba 2016. Uzuri wake ni kwamba haimvui mtu baibui. Wanawake wamejifunika hadi uso, halafu wanacheza kikapu, wanapanda skuta, wanapanda vigari vya kugongana, huku wimbo ukiwaombea wanaume watoweke. Mwanzoni wanaingia kiti cha nyuma cha gari, na anayekaa kwenye usukani ni mtoto wa kiume! Enzi hiyo wanawake walikuwa hawaruhusiwi kuendesha. Ruhusa ilianza Juni 2018.

“Bad Girls” ya M.I.A., mwanamuziki wa Uingereza (2012), inasifiwa zaidi, ila mimi hainikoleei. Imepigwa Moroko na mwongozaji Mfaransa, Romain Gavras. Wanawake wanaendesha kwa fujo, sawa, lakini jangwa na bunduki bado ni mapambo yaleyale.

Kwa walio ughaibuni, kuna “Hijabi” (2017) ya Mona Haydar, Mmarekani mwenye asili ya Syria. Anarapu akiwa mjamzito, akiwacheka wanaomuulizauliza nywele zake zikoje.