Pedali ya breki inazama mteremkoni, kisha inarudi yenyewe

SWALI: Nina Toyota IST ya mwaka 2004. Nikishuka kutoka Lushoto, pedali ya breki ilianza kulegea, na karibu na Mombo ikazama hadi chini. Niliegesha nusu saa, breki zikarudi. Fundi ameongeza mafuta ya breki, anasema gari ni zima. Nisafiri nalo?

JIBU: Usisafiri nalo bado. Breki kupotea zikiwa za moto na kurudi zikipoa ni dalili ya mafuta ya breki kuchemka. Mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewa. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya huchemka kuanzia nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishanyonya maji yanaweza kuchemka kwenye 140 hivi. Ukishuka Usambara mguu haubanduki kwenye breki, moto wa pedi hupenya kwenye pistoni za breki (zinazosukuma pedi) hadi kwenye mafuta, yakatoa mvuke. Mafuta hayabonyei, mvuke unabonyea, na hapo pedali huzama. Kama ni pedi tu zilizozidiwa na moto, pedali ingebaki ngumu ila gari lisingeshika.

Kuongeza mafuta hakuondoi maji yaliyomo. Yabadilishwe yote: mapya yasukumwe kupitia nipeli (skrubu za kutolea upepo) za magurudumu yote manne mpaka yatoke safi, bila mapovu. Lita 1 inatosha. DOT 4 inafaa pia, tena huchemka kuanzia nyuzi 230 ikiwa mpya. DOT 5 usiiguse, ni ya silikoni. Kopo lililokaa gereji likiwa limefunguliwa likatae, hata ukipewa bure. Baada ya hapo badilisha kila miaka 2.

Kinachonitia hofu zaidi ni hayo mafuta kupungua. Hayaungui kama petroli. Ama pedi zimelika, pistoni zikatoka nje na mafuta yakajaza nafasi, ama yanavuja. Vua magurudumu ya mbele: pedi yenye unene wa chini ya milimita 3 haifai. Nyuma, kama ni breki za drami (ngoma), chungulia upande wa ndani wa tairi. Ukiona unyevu unaoteleza au rangi iliyobabuka, shuku silinda ya gurudumu (inayosukuma breki ndani ya drami), kwa sababu mafuta ya breki hula rangi. Fungua drami, inua taratibu ukingo wa mpira wa vumbi wa silinda hiyo; yakichuruzika, silinda imekwisha.

Kisha washa injini, gari likiwa limesimama, ukandamize pedali kwa nguvu ya kawaida kwa sekunde 30. Ikiendelea kushuka polepole na hakuna panapovuja nje, masta silinda (pampu kuu inayosukumwa na pedali) inapitisha mafuta ndani kwa ndani. Ikiwa ngumu baada tu ya kupampu mara mbili tatu, kuna upepo kwenye mfumo au breki za nyuma zinahitaji kukazwa.

Siku ya kushuka tena, ingiza gia nzito kabla mteremko haujaanza, namba 2 au L kwenye otomatiki. Ukisikia harufu ya kuungua, egesha mapema. Magurudumu usiyamwagie maji. Disku (sahani ya breki) ya moto ikimwagiwa maji hupinda, hata kupasuka.