Tarumbeta ya urithi: soma maandishi kabla ya kushika Brasso

Ndugu, umeuliza utajuaje tarumbeta uliyorithi ni ya lini, na uisafishe vipi upate kuitundika sebuleni. Kwanza kabisa, weka Brasso, ile dawa ya kung'arishia shaba, kando. Nasema kwa uchungu. Babu yangu hapa Bombo alipiga tarumbeta katika bendi ya Keya (KAR, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza), akatuachia mbili. Ya kwanza niliipeleka kwa fundi wa vyuma, akaipitisha kwenye mashine ya kung'arishia. Ilirudi inawaka kama dhahabu, lakini maandishi yote ya pale kwenye mdomo mpana yamefutika. Hadi leo sijui ilitengenezwa na nani.

Ya pili niliishika mwenyewe. Niliisogeza dirishani, nikaihemea kama mtu anayefuta miwani. Katika ule ukungu herufi zikajitokeza: Hawkes & Son, Denman Street, London. Umri nikaupatia hapo, maana Hawkes waliungana na Boosey mwaka 1930. Ukiona majina hayo mawili pamoja, yako ni ya baada ya hapo. Tafuta pia kimshale cha mistari mitatu, alama ya mali ya serikali ya Uingereza. Ukishayaona maandishi, yawekee karatasi juu, sugua penseli taratibu, ubaki na nakala. Sumaku nayo ijaribu kwenye bomba: shaba hainaswi.

Kuosha ni maji ya vuguvugu, sabuni ya vyombo na fulana kuukuu. Maji ya moto sana yanabambua vanishi. Wengi watakuambia ndimu na chumvi. Mimi nakataa, kwa sababu asidi inaila zinki iliyomo kwenye shaba ya njano na kuacha mabaka mekundu. Kutu ya kijani kwenye viungo niliikwangua kwa kijiti cha mwanzi. Valvu zilikuwa zimeganda zote tatu. Nilizitia tone la mafuta ya cherehani asubuhi na jioni, na siku ya nne ile ya katikati ikashuka. Kipulizio kikikwama usikitie koleo, bomba lake ni jembamba, litajipinda.

Rangi ya kahawia nimeiacha. Pale mkono wa kushoto wa babu ulipozoea kushika pamelainika, panang'aa kidogo, na hapo sipasugui kabisa. Nimeitundika kwa utepe wa pamba, mbali na moshi wa jikoni.