Kabla hujaishangilia jeni, uliza seli zilitenganishwaje

Wadogo zangu mnaosoma baiolojia hapa Dar huniuliza wataanzaje kuchunguza jeni kwenye oganoidi wakati maabara ya kuziotesha hawana. Mimi nilianzia chumbani Tabata, kwa bando la usiku, nikishusha data ambazo watafiti huziweka wazi kwenye GEO, hazina ya mtandaoni ya data za jeni. Ni bure.

Oganoidi ni kinofu cha seli kilichooteshwa maabara hadi kikajipanga kama kiungo. Mwaka 2009 kundi la Hans Clevers kule Uholanzi liliotesha oganoidi za utumbo wa panya kutokana na seli shina moja moja. Awali, ili kujua jeni zipi zinafanya kazi, kinofu kizima kilisagwa ukapata wastani, sawa na kuambiwa mauzo ya Kariakoo nzima bila kujua nani kauza samaki na nani kauza vitenge. Siku hizi RNA ya kila seli, yaani nakala ambazo jeni hutoa zikifanya kazi, hupewa alama yake kabla ya kusomwa.

Lakini lazima kwanza seli zitenganishwe, na hapo ndipo nilipoumia. Niliona jeni za FOS na JUN zimepanda sana kwenye oganoidi zenye ugonjwa. Nilikesha nikichora grafu. Asubuhi msimamizi wangu akaniuliza swali moja tu: "Hizi walizitenganishaje?" Kumbe za wagonjwa zilikaa muda mrefu zaidi kwenye vimeng'enya vya kutenganisha seli, kwenye nyuzi 37. Jeni hizo huamka ndani ya dakika chache seli ikisumbuliwa. Wiki tatu za kazi yangu zilikuwa zinapima usumbufu wa maabara.

Kwa hiyo soma sehemu ya mbinu kabla hujafungua faili. Pendelea kazi zilizotumia vimeng'enya vinavyofanya kazi kwenye baridi, au zilizogandisha oganoidi mara moja na kusoma viini vya seli peke yake. Ila viini vilinganishe na viini, maana RNA yake ni kidogo na nyingi bado haijakatwa vipande visivyohitajika.

Pia hesabu oganoidi, usihesabu seli. Seli 5,000 kutoka oganoidi moja bado ni sampuli moja, na oganoidi za ubongo hutofautiana hata zikiwa sahani moja. Mimi sasa nikikuta utafiti haukutaja idadi ya oganoidi na ya watu waliotoa seli, naufunga, natafuta mwingine.