Maswali yenu kuhusu porini: kitundu kikibana, dawa inabaki nje

Tangu niandike kuhusu usugu wa dawa, yaani bakteria kutosikia dawa, maswali yamekuwa mengi, nimechukua matano, ambaye lake halimo anisamehe.

Porini ndo nini? Mimi nikisikia porini nawaza msituni.

Neno tu limefanana ndugu yangu. Bakteria kama E. coli ana utando wa pili kwa nje, wa mafuta mafuta, na vitu vingi vinavyoyeyuka kwenye maji vinagoma kupita hapo, kwa hiyo utando una vitundu, na kila kitundu ni protini inayoitwa porini. Ina umbo la pipa lisilo na mfuniko wala kitako, na zinakaa tatu tatu zimeshikana. Sasa ndani ya pipa kuna kipande cha protini hiyohiyo kimejikunja kuelekea katikati, hapo ndo panakuwa na kiuno. Kwenye OmpF, mojawapo ya porini za E. coli, kiuno hicho ni kama nanometa 0.7 kwa 1.1 tu, halafu upande mmoja zimepangana asidi amino (vipande vidogo vinavyounda protini) zenye chaji chanya, upande wa pili zenye chaji hasi, na kila kinachopita lazima kiendane na hizo chaji.

Protini nzima ina asidi amino mia tatu na ushee, kubadilika moja kunaleta shida gani?

Inategemea imebadilika wapi, na hili naomba mlishike. Ikibadilika kwenye vitanzi vya nje, bakteria anaweza kukwepa virusi vinavyomshambulia na chakula kikaendelea kuingia kama kawaida. Ikibadilika kiunoni ni habari nyingine. Chukua OmpF, asidi amino ya 119 kwenye mnyororo wake, pale kuna glisini, ndogo kuliko asidi amino zote, haina hata mkono wa pembeni. Weka aspartati badala yake, yenye mkono na chaji hasi, ule mkono unachomoza katikati ya njia na kitundu kinabana. Na si lazima kibane, kuna E. coli zilizotoka kwa mgonjwa aliyetibiwa muda mrefu, OmpC zao (porini nyingine ya E. coli) zilibaki na upana karibu uleule ila chaji za ndani zilivurugika, na dawa zikapita kwa shida.

Nilifundishwa usugu unatokana na vimeng'enya vinavyokata dawa. Hivi vitundu vinahusikaje?

Vyote viwili vinafanya kazi pamoja, na ndo maana hili linanikosesha usingizi. Mfano mzuri ni bakteria Klebsiella pneumoniae. Porini yake ya OmpK36 kwenye aina fulani zinazosambaa hospitalini imeongezewa asidi amino mbili tu, glisini na aspartati, palepale kiunoni, na kipenyo kimepungua karibu robo. Antibiotiki ya meropenemu inaingia kidogo kidogo mno, na kile kidogo kinachoingia kinakuta kimeng'enya kinakisubiri. Dawa ingeingia kwa wingi kimeng'enya kingezidiwa, ila kwa mwendo ule kinaimaliza taratibu bila haraka. Kwa hiyo maabara ikitafuta jeni ya kimeng'enya peke yake imeona nusu ya tatizo, naomba wenzangu wa maabara tusiridhike na hapo.

Si bakteria angeziba vitundu kabisa tu?

Wapo wanaoziba, ila kitundu hichohicho ndo mlango wa chakula. Klebsiella iliyopoteza OmpK36 kabisa inakuwa dhaifu hata kwenye kuambukiza panya, ndo maana kubana kidogo kunailipa zaidi. Bakteria mwingine, Pseudomonas aeruginosa, yeye ana porini ya OprD inayopitisha asidi amino kama arjinini, na antibiotiki ya imipenemu inapenyea humohumo. Mutesheni (badiliko kwenye jeni) ikiikatisha OprD njiani, imipenemu inakosa mlango, na bakteria anaishi tu maana vyakula vingine ana njia nyingi za kuvipata. Na bakteria wa kisonono pia ana la kwake, mabadiliko kwenye porini yake ya PorB, asidi amino namba 120 na 121, yanapunguza penisilini na tetrasaiklini kuingia.

Kuna mutesheni za kupanua?

Zipo, na nazipenda sana hizi. Watafiti walichukua E. coli isiyo na mlango maalumu wa sukari ndefu za jamii ya maltosi, wakaiacha na sukari hizo tu, ile ya kula au kufa. Zilizopona nyingine zilikuwa zimebadilisha arjinini za kiunoni kwenye OmpF au OmpC, mkono mrefu ukaondoka, njia ikafunguka, sukari zikapita. Ila dawa kubwa kubwa zilizokuwa zinakwama nje nazo zikaanza kuingia na kuziua.