Jibu: Breaking ni dansi, na mdogo wako aanzie kwenye mdundo

Ndugu yangu, umeuliza kama breaking, yaani breakdance, ule uchezaji wa kuzunguka sakafuni, ni dansi kweli au ni sarakasi tu, na mdogo wako aanzie wapi.

Ni dansi, tena imezaliwa na muziki wenyewe. Mwaka 1973 huko Bronx, New York, DJ Kool Herc, mzaliwa wa Jamaika, aliona watu wanachangamka zaidi pale uimbaji unapokoma zikabaki ngoma na besi. Akachukua santuri mbili za wimbo uleule, akawa anakirefusha kipande hicho, kinachoitwa break. Waliojitosa kucheza hapo ndio wakaitwa b-boy na b-girl.

Kwa hiyo mdogo wako asikimbilie kuzunguka kwa kichwa. Shingo haina spea. Kwanza acheze akiwa amesimama, aushike mdundo. Kisha ajifunze mzunguko wa hatua sita: anachuchumaa, kiganja kimoja sakafuni, miguu inauzunguka mwili hadi arudi alipoanzia, mikono ikipokezana uzito. Akiweza kuifanya bila kuachwa na ngoma, aongeze kuganda, yaani kusimamisha mwili ghafla mdundo unapopiga.

Halafu aingie kwenye duara la wachezaji. Humo unaingia mmoja mmoja, unajibu alichofanya mwenzako, na kuiga mtindo wa mtu kama ulivyo ni aibu kubwa. Kampala wapo Breakdance Project Uganda, wanafundisha vijana bure tangu 2006. Kama uko karibu, mpeleke. Mtaani kwenu, sakafu laini na spika ndogo vinatosha.