Nyota Moja Kwenye Google: Kabla Hujamjibu Mgonjwa

Nipo kitengo cha huduma kwa wateja kwenye kituo cha afya cha binafsi upande wa Ilemela, na sehemu ya kazi yangu ni kusoma na kujibu yale watu wanayoandika kutuhusu Google na Facebook. Wenzangu wa vituo vingine hapa Mwanza hunipigia simu kwa jambo lile lile: tumepewa nyota moja, tumesemwa vibaya, mengine ni uongo mtupu, tujibuje? Ninachowaambia huwa hakiwapendezi. Usikiri hadharani kwamba huyo mtu alitibiwa kwako. Hata kama anakusingizia, na hata kama ameandika kwa jina lake na picha yake ipo.

Chukua maoni ya aina hii, ambayo kila kituo kinayajua: "Nimefika saa 12 asubuhi nimeonwa saa 6 mchana, nesi yuko bize na simu. Msije hapa." Muuguzi aliyekuwa zamu akisoma, roho inamuuma, kwa sababu anamkumbuka vizuri yule dada. Alikuja na kadi ya bima iliyokwisha muda, akaenda kufuatilia, akarudi saa 4, kisha akasubiri kipimo cha mkojo. Muuguzi anataka tuyaandike hayo yote ili watu wajue ukweli. Na kweli ni ukweli, lakini ni siri ya mgonjwa. Mwanza ni jiji, lakini watu wanajuana. Shemeji yake wa Nyakato akisoma "kipimo cha mkojo", jioni haifiki ukoo mzima umeshaamua kwamba dada ana mimba.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti. Lakini hata bila sheria, hiki ni kiapo cha kazi yetu. Mgonjwa akijianika, ameanika kile alichokichagua mwenyewe. Wewe ukijibu kwa hasira unaongeza yale aliyoamua kuyaficha.

Watu wengi hawajui kwamba mtego mkubwa zaidi uko kwenye sifa. Mtu anatoa nyota tano: "Asanteni sana, wahudumu wana upendo." Kijana wa mapokezi, kwa furaha tu, anataka kujibu: "Karibu tena, tunakusubiri kliniki Alhamisi." Kliniki ipi? Kama mtaani inajulikana kuwa Alhamisi ni siku ya CTC, yaani kliniki ya wanaoishi na VVU, umeshamtangaza mtu hali yake ya VVU kwa nia njema kabisa. Kwa hiyo kwenye sifa mimi huandika sentensi fupi: tunashukuru kwa maneno yako, tutawafikishia wahudumu. Naishia hapo.

Kwenye lawama, maneno yangu huwa karibu na haya: "Pole kwa usumbufu ulioueleza. Mtu kukaa muda mrefu bila kuambiwa kinachoendelea si jambo tunalolikubali. Hapa hatuwezi kuzungumzia habari za mtu yeyote, ila tungependa kukusikiliza. Tafadhali piga simu mapokezi au fika, uulize msimamizi wa huduma kwa wateja." Chini naweka jina langu. Jina lina uzito, maana "Uongozi" hakuna anayeweza kuupigia simu. Na sibandiki maneno hayo hayo kwa kila mtu. Msomaji akikuta majibu kumi yanayofanana anajua hakuna aliyesoma alichoandika.

Kumbuka jibu hilo halimlengi aliyeandika peke yake. Kuna mama yuko Buhongwa usiku, mtoto ana homa, ameshika simu anatafuta pa kumpeleka. Anasoma lawama, kisha anasoma ulivyojibu. Ukimfokea mwenzake, anajua na yeye atafokewa.

Kazi yenyewe inaanza baada ya kujibu. Chukua daftari la mapokezi na la maabara, linganisha saa. Usiende kumtafuta mkosaji. Tafuta mahali foleni ilipokwama. Kwetu, malalamiko ya "nesi anachati" yalikuwa yakijirudia, na tulipofuatilia tukakuta mara nyingi ile simu ni ya kazi: anahakiki bima au anamtafuta daktari wa zamu. Aliyekaa kwenye benchi na maumivu yake atajuaje? Anaona mtu anabonyeza simu na kutabasamu. Tulikubaliana kwenye kikao cha asubuhi kwamba kabla ya kushika simu muuguzi awaambie waliokaa: "Samahanini, namtafuta daktari, nipeni dakika chache." Na simu binafsi ibaki kwenye mkoba. Lawama hizo zimepungua sana.

Jingine lilitoka kwa watu wa visiwani. Mgonjwa wa Ukerewe au Kome akiambiwa "majibu kesho", kwake si neno dogo. Ni gesti, ni chakula, ni watoto waliobaki nyumbani. Aliyetoka Kirumba hawezi kuliona hilo, na sisi tulikuwa hatuulizi. Sasa mapokezi wanauliza mapema: umetoka wapi, na unarudi leo? Sampuli yake ikiwezekana inatangulia, na wale wa benchi wanaelezwa kwa nini. Ukiwaeleza, watu wa huku wanaelewa; wengi wana ndugu visiwani.

Kagua pia ukurasa wenyewe. Nyota moja nyingi zinatoka kwenye taarifa mbovu: umeandika "saa 24" wakati maabara inafungwa jioni, namba ya simu ni ya mtu aliyeacha kazi, alama ya ramani iko mtaa wa nyuma. Kurekebisha ni kazi ya muda mfupi.

Kuhusu kufuta: Google inaondoa maoni yanayovunja kanuni zake, kama matusi, matangazo, au maoni ya mtu mwenye maslahi. Yaripoti hayo. Lakini haiamui nani mkweli kati yako na mteja, kwa hiyo usitegemee ikufutie lawama. Na usiwaambie wafanyakazi waandike sifa, wala usitoe punguzo la bei kwa anayekupa nyota tano. Yote mawili yamekatazwa, na mgonjwa anayenunuliwa sifa anajua amenunuliwa. Kuna mabosi wanaotishia watu kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Naomba sana, usifanye hivyo kwa mgonjwa aliyelalamikia foleni. Utawanyamazisha hata wale ambao wangekuambia jambo la kuokoa maisha.

Yapo maoni ambayo hayajibiwi kwa sentensi nzuri: kifo, kuombwa rushwa, kudhalilishwa. Hapo andika pole tu, na siku hiyo hiyo lifike kwa mganga mfawidhi. Familia itafutwe na kuonwa ana kwa ana, na mtu mzima ndiye aende, si kijana wa mitandao. Waambie wazi kwamba wana haki ya kwenda Baraza la Madaktari Tanganyika, Baraza la Uuguzi na Ukunga, au TAKUKURU kama ni rushwa. Wenzetu wa makao ya watoto au wazee, nawaongezea moja: msijibu lawama kwa kuposti picha za mnaowatunza wakicheka.

Mwisho, mtandaoni anaandika mwenye simu janja na bando. Bibi aliyeletwa na mjukuu kutoka Sengerema hayupo Google. Kwa ajili yake kuna sanduku la maoni, na kuna benchi: kaa naye, muulize, uandike. Vyote viingie daftari moja na yale ya mtandaoni, kila lalamiko na jina la anayelifuatilia. Sanduku lifunguliwe kila wiki mbele ya watu wawili, na ufunguo usikae kwa mtu anayesimamia zamu, kwa sababu mara nyingi yeye ndiye anayelalamikiwa.