Aliyefanya kazi ICE aajiriwe na jimbo? Majibu kwa wasomaji walioko Marekani

Nasikia aliyewahi kufanya kazi ICE hataajiriwa tena serikalini. Ni kweli? (Msomaji, Columbus)

Si Marekani nzima. Hii ni miswada ya majimbo, na jimbo lina mamlaka juu ya ajira zake tu. Mapema 2026 Maryland kulikuwa na mswada uliotaka kuwafungia milango ya polisi wale waliojiunga na ICE, idara inayokamata wahamiaji na kuwarudisha makwao, baada ya tarehe 20 Januari 2025. Waliotangulia haukuwagusa.

Kwa nini tarehe hiyo?

Ndiyo siku Trump alipoapishwa mara ya pili. Julai iliyofuata ICE ikatengewa takriban dola bilioni 75, ikatafuta maafisa wapya 10,000, ikaahidi bonasi ya hadi dola 50,000. Wenye mswada wanasema aliyeingia wakati huo alijua anaingia wapi. Hoja yao naielewa, ila tarehe ya kuajiriwa haisemi mtu alifanya nini kazini.

Kijana wangu ni raia, ameomba ukarani ICE. Atajiharibia? (Mzazi, Louisville)

Inategemea mswada umeandikwaje. Ukisema "mwajiriwa", hata karani yumo.

Katiba inaruhusu?

Hapa pana vita. Ibara ya 1, kifungu cha 10, inalikataza jimbo kutunga sheria ya kumwadhibu mtu bila kumfikisha mahakamani. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, jimbo la Missouri liliwataka hata viongozi wa dini waape kwamba hawakuwahi kuwaunga mkono waasi wa majimbo ya Kusini. Padri John Cummings akahubiri bila kuapa, akatiwa hatiani. Mwaka 1867 Mahakama ya Juu ya Marekani ikamwondolea hatia kwa kura 5 dhidi ya 4: kumfungia mtu kazi yake kwa mambo ya zamani kunaweza kuwa adhabu. Watetezi wa miswada watajibu kwamba kumchuja anayeomba bunduki na beji ni haki ya mwajiri yeyote. Jibu hilo lina uzito.

Basi waachwe tu?

Hapana. Aliyempiga mtu mwenye pingu mikononi, au aliyevunja mlango bila hati ya hakimu, asipewe beji na jimbo lolote. Lakini utamjuaje? Wengi wanafanya kazi wamevaa barakoa, jina halionekani kifuani. Ndiyo maana watu wanataka wote wafungiwe: barakoa imewafanya wafanane. Septemba 2025 California ilipitisha sheria ya kuwakataza maafisa kuficha nyuso, na serikali ya shirikisho ikaipinga mahakamani. Mimi ningeanzia hapo. Majina yaonekane, malalamiko yaandikwe, na faili la mtu limfuate kila anapoomba kazi ya polisi.

Jumapili baada ya ibada mama mmoja Mkongo alinionyesha karatasi zake za ukimbizi, amezikunja mara nne ndani ya mfuko wa plastiki. Hatoki bila hizo, hata akienda kufua. Akaniuliza kama polisi wa mtaani kwao mwakani anaweza kuwa yule afisa wa ICE aliyemgongea jirani yake alfajiri. Sikuwa na jibu la kumtuliza: uso wake hakuuona, jina lake halikuandikwa popote.